Kompyuta Iliyomkana Mzee Mahona

Umeme ulirudi asubuhi jua likiwa limeshapanda, na Sajenti Elina Ndaki alikuwa amekaa sebuleni kwa Mzee Constantine Mahona muda wa kutosha kumaliza kikombe cha pili cha uji. Mwaka huo wa 2006 ukame ulikuwa umekausha mabwawa, na Bariadi, kama miji mingine yote, ilipata umeme kwa mgao. Mpelelezi aliyetaka kuiona kompyuta ikiwaka hakuwa na la kufanya ila kusubiri.

"Iwashe, mzee," Elina alisema.

Mzee Mahona aliinama akabonyeza kitufe. Alikuwa tabibu mstaafu, mrefu, aliyevaa miwani myeusi kwa sababu jicho lake la kushoto lilikuwa halijapona vizuri tangu lilipofanyiwa upasuaji Mwanza. Nusu ya watoto wa mji ule walikuwa wamepita mikononi mwake, na hata wazazi wao walimwita Daktari. Ndiyo maana alipokwenda kituoni kulalamika kwamba ametapeliwa, fundi aliyemtaja alikamatwa jioni ileile.

Fundi huyo, kijana aliyeitwa Sadick, alikuwa bado mahabusu. Hii ilikuwa Jumamosi. Mkuu wa Upelelezi wa Wilaya alitaka jalada liende mahakamani Jumatatu.

Kioo kilikuwa cheusi kwa muda, kikapita maandishi meupe ya haraka haraka, kisha ikatokea rangi ya buluu na kisanduku kidogo katikati. Elina alisoma Kiingereza chake polepole, akakitafsiri kwa sauti. "Nakala hii ya Windows ni lazima ithibitishwe kabla hujaingia. Je, unataka kuithibitisha sasa?"

"Nikisema hapana, inanirudisha mlangoni," mzee alisema. "Nikisema ndiyo, inaniomba namba. Doto akaniambia namba zenyewe zimeshatumika mashine nyingi mno, hata ukipiga simu Ulaya wanakataa."

"Doto ni nani?"

"Fundi mwingine, yule mwenye stesheni ya kuchapa na kutoa fotokopi karibu na stendi. Iliponigomea Alhamisi nilimwita aje aitazame. Hakuikalia hata dakika kumi. Akaniambia, Daktari, Sadick alikuuzia Windows feki, namba iliyomo ndani si ile ya kwenye stika."

"Alisema hivyo hivyo? Namba ya ndani si ya kwenye stika?"

"Maneno yake hayo."

Elina aliyaandika daftarini. "Na hadi Jumatano ulikuwa unaingia?"

"Bila shida. Isipokuwa kulikuwa na kiputo pale pembeni chini. Kinasema zimebaki siku kadhaa. Mwanzo kilisema kama thelathini. Mimi nikadhani ni tangazo, nikawa nakifunga."

"Ndani kuna nini, mzee, mpaka ukaenda polisi?"

Mzee Mahona aligeuza uso kuelekea mlango wa jikoni, ambako shemeji yake Apolonia alikuwa akiosha vyombo. Kisha akasema kwamba ndani kulikuwa na sauti ya mke wake. Nyamizi alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita. Alipojua haponi, aliomba awekewe kipaza sauti mezani, akawa anasimulia hadithi za kwao Shishiyu kwa Kisukuma, ili wajukuu walioko Dar es Salaam wasije wakakosa bibi wa kuwasimulia. Alisimulia kwa miezi, mpaka sauti ilipokwisha.

"Kila jioni umeme ukiwepo nafungua, nasikiliza," mzee alisema. "Sasa yumo humo, nami nimefungiwa nje. Kama ni mbuzi ningesema basi, ameibwa. Hiki nitakisemaje?"

Apolonia alitoka jikoni kuchukua kikombe cha Elina. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mdogo wake marehemu, aliyekuja kumuuguza dada yake kisha akabaki kuitunza nyumba. Elina alimshukuru kwa Kisukuma, "Wabheja, mayu." Apolonia aliitikia bila kuinua macho.

*

Kituoni, Koplo Masele alikuwa na jibu lake tayari.

"Ni mgao, afande," alimwambia Elina. "Umeme unakatika, unarudi, betri ndogo ya saa ndani ya mashine inakufa. Mashine inapoteza tarehe. Inajiona iko mwaka mwingine kabisa, inasema muda umekwisha. Kompyuta ya binamu yangu ilifanya hivyo."

"Inaweza kuwa. Nitaikagua," Elina alisema. "Nitolee Sadick."

Sadick aliingia bila mkanda wala viatu. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, mtoto wa Nuruddin, mwuza vitambaa wa sokoni. Tangu forodha ilipolegeza masharti na kompyuta za mtumba kuanza kuja kwa makontena, yeye ndiye aliyezileta za kwanza Bariadi. Usiku wa Alhamisi mtu alikuwa amepiga mlango wa duka lake kwa mawe.

"Kaa," Elina alisema. "Umekula?"

"Mama ameleta."

"Kompyuta ya Mzee Mahona uliipata wapi?"

"Dar, kwenye kontena la mitumba ya Uingereza. Ya ofisi. Ina stika ya kiwanda ubavuni, ya leseni. Hiyo stika huwezi kuibandua ukaibandika kwingine, inachanika."

"Ulimwekea Windows wewe?"

"Nilimwekea kwa CD ya kiwanda hichohicho. Halali." Alivuta pumzi. "Afande, naomba nieleze kitu. Kompyuta ile haiwezi kuuliza aktivesheni, huko kuthibitishwa kwa namba. Haiwezi kabisa."

"Kwa nini?"

"Viwanda vikubwa vina makubaliano. Windows yao ikiwaka inaitazama mazabodi, yaani ule ubao mkubwa wa ndani unaobeba vyote. Ikiona ni ya kiwanda chake, inanyamaza. Haikuombi namba, haikuhesabii siku. Mzee ameitumia miaka mitatu. Umesikia aliwahi kuulizwa?"

"Sasa inauliza."

"Basi haioni mazabodi yake."

Elina alisogeza kiti karibu na meza. "Tuseme mtu amebadilisha kitu ndani. Ingechukua muda gani kugoma?"

"Inategemea. Ukibadilisha vifaa tu, inakupa siku tatu. Ukiweka Windows upya, inakupa thelathini."

"Ukiweka upya, vya zamani havifutiki?"

"Si lazima. Unaweza kuiweka juu ya ile ya zamani. Picha, barua, sauti, vyote vinabaki palepale. Mwenyewe akiwasha hajui kitu." Alisita. "Sauti za mke wa Daktari zipo, afande? Kile kipaza sauti nilikifunga mimi."

"Sijui bado. Swali la mwisho. Mashine ikishajifunga kama ilivyo sasa, fundi anaweza kuiona namba ya leseni iliyowekwa ndani?"

"Kwa njia gani? Namba hiyo huandikwa unapoweka Windows, basi. Kuisoma tena unahitaji uingie ndani. Na kuingia ndiko kulikofungwa."

"Huwezi hata kwa ujanja?"

"Utoe diski uipeleke mashine nyingine, ukae nayo. Si kwa dakika kumi sebuleni kwa mtu."

Elina alimtazama kwa muda. Alikuwa ameshahoji watu wengi kwenye chumba kile, na wengi wao walipofika swali la mwisho walitaka kujua watatoka lini. Huyu hakuuliza.

"Kompyuta yenyewe ikiwaka, kabla ya Windows, huwa inaonyesha nini?" aliuliza.

"Nembo ya kiwanda. Kubwa, ya buluu, inajaza kioo. Hiyo iko ndani ya mazabodi, hakuna wa kuifuta kwa bahati mbaya."

Asubuhi ile, Elina alikuwa ameona maandishi meupe tu.

*

Alirudi kwa Mzee Mahona kabla umeme haujakatwa tena, akiwa na bisibisi aliyoiazima kwa dereva wa kituo. Alianza na wazo la Koplo Masele, kwa sababu hakupenda kuacha wazo la mtu mwingine bila kulijibu. Sadick alikuwa amemweleza kitufe cha kubonyeza mashine inapoanza kuwaka. Aliwasha, akabonyeza, akaingia kwenye ukurasa wa mipangilio. Tarehe ilikuwa sahihi. Saa ilikuwa nyuma kidogo tu ya ile ya mkononi mwake. Betri ilikuwa nzima; mgao haukuhusika.

Akazima, akawasha tena, akatazama bila kupepesa. Maandishi meupe yalipita. Nembo haikutokea.

Akazima mara ya mwisho, akachomoa waya, akaligeuza kasha. Stika ilikuwepo ubavuni, nzima, haikuguswa. Jina la kiwanda lilikuwa mbele, limechongwa kwenye plastiki. Juu ya kasha kulikuwa na vumbi jekundu la Bariadi lililoganda, aina inayoingia kila mahali malori ya pamba yanapoanza kupita. Alifungua skrubu za ubavu. Moja haikuwepo. Ndani, ambako kungestahili kuwa na vumbi zaidi, kulikuwa kusafi. Mtu alikuwa amepuliza humo. Ubao mkubwa uliokuwa umelala ndani ulikuwa wa kijani kilichofifia, umeshikwa na skrubu za rangi mbili tofauti, na hakuna mahali ulipoandikwa jina lililokuwa mbele ya kasha.

"Umeona nini, binti?" mzee aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Naona Sadick alikuuzia kompyuta nzima, mzee. Kilichomo ndani sasa si alichokuuzia."

"Wezi hawajaingia hapa. Ningejua."

"Kiputo kile cha siku thelathini. Kilianza ulipokuwa wapi?"

Mzee Mahona alifikiri. "Nilikikuta niliporudi Mwanza kwenye jicho. Siku ya kwanza kuwasha, nikiwa bado na bandeji upande mmoja."

"Ulikaa Mwanza muda gani?"

"Wiki nzima."

"Nyumbani alibaki nani?"

"Shemeji yangu. Apolonia."

Apolonia alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono ikiwa na povu. Elina alimgeukia. "Mama, wiki ile kuna fundi aliyekuja hapa? Au mgeni yeyote aliyeingia sebuleni?"

"Hakuja mtu," Apolonia alisema. "Naapa mbele ya Mungu, hakuna mtu aliyeingia humu."

Alisema bila kusitasita. Elina aliamini kila neno. Watu wanaosali kila asubuhi, akiwemo mama yake mwenyewe kule Kasoli, hawaapi kwa uongo. Wanachagua kwa uangalifu la kuapia. Hakuna aliyeingia. Lakini yeye hakuwa ameuliza kama kuna kilichotoka.

Hakuliuliza swali hilo pale. Alirudisha skrubu, akaomba kasha lisiguswe, akaaga.

*

Stesheni ya Doto ilikuwa chumba kimoja chenye mashine ya fotokopi, printa, na kompyuta iliyowekwa ndani ya kasha jeupe lisilo na jina. Umeme ulikuwa umeshakatika. Jenereta ndogo ilinguruma nyuma ya nyumba. Karani wa kampuni ya kununua pamba alikuwa amekaa akisubiri barua yake ichapwe, na Elina alijikalia kwenye benchi kama mteja wa pili. Koplo Masele alibaki nje kwenye kivuli cha paa.

Kasha jeupe halikuwa na ubavu. Elina aliweza kuona ndani. Ubao wa mle haukuenea vizuri; pembe yake moja ilikuwa imeegemezwa kipande cha boksi, na skrubu mbili tu ndizo zilizoushika.

Karani alichukua barua yake akaondoka. Doto alinyoosha shati lake, kijana mtanashati wa miaka thelathini hivi.

"Karibu, afande. Mwadila," alimsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila. Nimekuja kujifunza, Doto. Kesi ya Mzee Mahona ina mambo ya kitaalamu."

"Uliza tu."

"Ulijuaje kwamba Windows yake ni feki?"

"Namba. Iliyomo ndani si ile ya kwenye stika. Hiyo ndiyo dalili kuu."

"Ile ya stika uliiona ubavuni."

"Ndiyo."

"Na ya ndani?"

"Niliiona ndani."

"Siku hiyohiyo ya Alhamisi?"

"Siku hiyohiyo."

"Mashine ikiwa imefungwa, haimruhusu mtu kuingia?"

Doto alinyoosha mkono akapanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. "Sisi mafundi tuna njia zetu."

"Vizuri. Nataka nizione, kwa sababu hakimu ataniuliza. Koplo yuko nje. Tunabeba jenereta yako, tunakwenda kwa mzee, unanionyesha."

"Leo nina kazi nyingi, afande."

"Hamna mteja."

Elina alionyesha kasha jeupe kwa kidole.

"Basi tuanze na hii. Izime uiwashe."

"Jenereta hii ina shida, ikizimwa mashine inaweza—"

"Jenereta iache ingurume. Izime kompyuta tu."

Doto alichelewa sana kuinua mkono. Kioo kikawa cheusi. Akabonyeza tena. Feni ikazunguka, na nembo kubwa ya buluu ikajaza kioo kutoka ukingo hadi ukingo, yenye jina lilelile lililochongwa mbele ya kasha la Mzee Mahona. Kisha Windows ikafunguka moja kwa moja, kimya, bila kumwomba mtu namba yoyote.

"Hii haikuombi aktivesheni," Elina alisema.

"Hapana."

"Mazabodi uliipata wapi?"

"Mwanza. Nilinunua."

"Kwa nani?"

"Jamaa mmoja tu, sokoni."

"Doto. Sadick anajua alichouza, na stika ina namba ambazo kiwanda kinazijua. Nikiutoa ubao huu nikausoma mgongoni, tutakuwa tunazungumza mambo mengine. Anza upya."

Jenereta ilinguruma. Doto alivuta kiti akakaa, na aliposema tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Sikuiba, afande. Nililetewa."

"Na nani?"

"Yule mama wa pale nyumbani. Aliifunga kwenye kitenge, akaileta kwa baiskeli, anaikokota. Mzee alikuwa Mwanza. Alitaka nifute sauti za marehemu. Nikamwambia nikifuta mzee atajua siku ya kwanza, na yeye mama hana wa kumsingizia. Nikamwambia nitafanya ijifunge yenyewe baada ya mwezi. Itaonekana imekufa kifo chake."

"Ukabadilisha ubao ili ianze kuuliza."

"Ningeweza kuifunga kwa njia nyingine. Lakini ubao wenyewe ulikuwa mzuri, na kwa ubao ule Windows ya kiwanda inakaa bila kusumbua. Nikamwekea wa kwangu wa zamani, nikaweka Windows juu ya ile yake kwa namba ninayotumia siku zote."

"Yeye alijua umeuchukua?"

"Hapana. Hilo hakujua."

"Diski uliigusa?"

"Sikuigusa. Sauti zipo."

"Kisha mzee akakuita, ukamwambia mwizi ni Sadick."

Doto alitazama mikono yake. "Nilidhani atakasirika tu, wagombane yaishe. Sikujua atakwenda polisi."

"Jana ulijua. Na leo asubuhi ulijua." Elina alisimama. "Zima jenereta. Koplo, ingia."

*

Alasiri Elina alikwenda peke yake. Apolonia alikuwa amekaa kibarazani, ungo mapajani, akichambua michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, na kuitenga iliyotobolewa na wadudu. Alimwona Elina tangu getini. Hakusimama.

"Umefika kwa Doto," alisema.

"Nimefika, mama."

"Nilijua, ulivyonitazama asubuhi." Aliweka ungo chini. "Usimwambie wewe. Nitasema mwenyewe, mbele yako. Ukimwambia wewe itakuwa kama nimekamatwa."

Waliingia. Mzee Mahona alikuwa palepale kwenye kiti chake, mbele ya kioo kisichowaka. Apolonia alisimama katikati ya chumba.

"Shemeji, kompyuta niliipeleka kwa Doto mimi. Ulipokuwa Mwanza. Nilitaka isiongee tena."

Mzee aligeuza kichwa taratibu. "Isiongee."

"Dada yangu nilimuuguza, na nikamwosha, na nikamzika. Nilidhani imekwisha. Sasa kila jioni niko jikoni, naanza kumuuguza upya. Wewe unasikia hadithi. Mimi nasikia kikohozi kilicho katikati ya hadithi. Nakijua kila kimoja. Najua kipi ndicho kilichotoa damu."

Nje lori la pamba lilipita likitikisa madirisha.

"Ungeniambia," mzee alisema.

"Nilikuambia. Mara mbili. Ulisema nifunge mlango wa jikoni."

Mzee Mahona alivua miwani. Jicho lililopasuliwa lilikuwa bado jekundu, na lilitoa machozi ambayo huenda yalitokana na mwanga. "Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

Alikaa na miwani mkononi. Elina alibaki amesimama karibu na mlango. Hapo hapakuwa na cha kuhoji.

"Na kijana wa watu?" mzee aliuliza mwishowe.

Hapo ndipo sauti ya Apolonia ilipovunjika. "Hilo sina la kujitetea. Doto aliniambia itaonekana imeharibika tu. Alipokuja hapa akamtaja Sadick, nilikuwa nimesimama pale mlangoni na taulo mkononi. Nikanyamaza. Nikasikia wamempiga mawe mlango, nikanyamaza. Kuipeleka kompyuta nilikuwa na sababu. Kunyamaza sikuwa nayo."

"Sauti zipo, mzee," Elina alisema. "Diski haikuguswa. Ubao wako tumeupata, uko kituoni. Sadick akiurudisha mahali pake, mashine haitakuuliza tena kitu."

Alidhani mzee angefurahi. Mzee Mahona hakumtazama hata yeye. Alikuwa akimtazama Apolonia.

"Zile za mwanzo," alimwambia. "Kabla ya kikohozi. Ile ya sungura na wachunga ng'ombe, anayocheka mwenyewe kabla hajafika mwisho. Hiyo ungeisikiliza?"

Apolonia alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Hiyo ningekaa hapa nikaisikiliza."

"Za mwisho Sadick atawapelekea watoto Dar. Waamue wao. Hapa zisibaki."

Elina alitoa karatasi ya maelezo akakaa mezani. Kulikuwa na kazi ya kumaliza, na alitaka imalizike kabla jua halijashuka.

"Doto nitamfungulia shtaka la wizi wa kifaa na kutoa taarifa ya uongo," alisema. "Lazima nieleze mashine ilifikaje kwake. Mlalamikaji ni wewe, mzee, na mali ni yako."

"Andika niliipeleka mimi."

"Ulikuwa Mwanza umefungwa bandeji. Siwezi kuandika uongo."

Mzee alirudisha miwani usoni. Alifikiri kama tabibu anayetafuta dawa ambayo haitamdhuru mgonjwa zaidi ya ugonjwa.

"Basi andika ilipelekwa na watu wa nyumbani," alisema. "Watu wa nyumbani ni sisi. Mimi na huyu."

Elina aliandika hivyo, neno kwa neno. Ulikuwa ukweli, na hakimu akitaka zaidi ataulizia mwenyewe. Mzee akaweka sahihi, akiinama karibu sana na karatasi.

"Nakwenda kumtoa Sadick," Elina alisema akisimama. "Atarudi nyumbani kabla ya magharibi."

"Asitoke peke yake. Njia ya kwao inapita sokoni, na watu wote wa sokoni walinisikia nikimwita mwizi." Mzee Mahona alikuwa ameshainuka, akipapasa chini ya kiti kwa mguu. "Nisubiri nivae viatu."

Apolonia alipiga magoti, akavitoa viatu vilikokuwa, akavisogeza mbele ya miguu yake. Kisha akaingia chumbani akatoka na viatu vyake mwenyewe mkononi.

Saa ile ya wauza mboga kufunga biashara, watu wa soko la Bariadi waliwaona watatu wakipita katikati ya barabara. Sadick alikuwa katikati, akiwa tayari na mkanda na viatu vyake. Mzee Mahona alikuwa amemshika mkono, kwa kuwa jua la jioni lilimwumiza jicho, na kila aliyemsalimia Daktari alisimamishwa akaambiwa, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye vibanda vya nyuma, kwamba huyu kijana hakuiba, ila wao ndio waliomsingizia. Apolonia alitembea upande wa pili. Kila mara mzee aliposema "tulimsingizia", yeye aliitikia, "Ndiyo, tulimsingizia," mpaka wakafika kwenye mlango wa duka la Nuruddin.